Mume Wetu Amemisi

Hapana, sikumfukuza mimi. Nyie mkisikia kijana wa watu kashuka mlima na shati lake la posa bila jibu la kumfurahisha, basi kidole kwa bibi. Aliondoka kwa miguu yake mwenyewe, chai kanywa, maandazi kala, kaniaga kwa heshima zote na mimi nikamwambia haya baba, angalia pale kwenye utelezi. Mdomo wangu siku ile ulikuwa umefungwa kwa amri ya mwanangu, nitafika huko. Kilichomshinda yule kijana ni neno moja la Kizungu. Alikuwa nalo hilo hilo asubuhi, mchana na jioni, kama mtu mwenye suruali moja.

Neno lenyewe ni kumisi.

Mimi darasani sikuingia. Wenzangu walipokuwa wanaimba a e i o u, mimi nilikuwa nafukuza ngedere kwenye mahindi ya mama. Lakini masikio Mungu kanipa. Mtu akiongea mbele yangu anaingia mzima mzima, na kikohozi chake, na anavyovuta pumzi, halafu siku moja namtoa kama alivyo. Misibani huwa wananiita nimfanye marehemu. Sisi wenye utani ndiyo kazi yetu: navaa koti lake, nashika fimbo yake, nawagombeza wajane kwa sauti yake, "Nani kala mguu wa kuku wangu?" na wao wanacheka machozi yakiwa bado mashavuni. Kwa hiyo hili neno la kumisi sikulipata kwenye kitabu. Nimelipata midomoni mwa watu, nikawa nalifuata kama mtu anayefuata kuku aone anataga wapi.

Mjukuu wangu ndiye aliyelileta nyumbani. Alikuwa mjini anajifunza ushonaji, kamaliza, karudi kwangu huku juu ya Bigwa na cherehani yake kichwani mwa mpagazi. Akipigiwa simu na shoga yake utamsikia, "Mwaaa, shosti wangu, nimekumisiiii!" Shosti mwenyewe kaagana naye jana. Binti yangu, mama yake huyu mjukuu, kaolewa Dodoma, na yeye kila akipiga, "Mama jamani, nimekumisi, acha tu." Namwambia njoo basi. "Mmh, mama, kazi." Dereva wa bodaboda wa pale chini barabara inapoishia, mtoto wa juzi, hajui hata mimi nakula nini, ananiambia, "Bibi, nimekumisi, leo hupandi?" Huyo namwelewa. Huyo kamisi nauli.

Nikaenda kwa jirani yangu mwalimu mstaafu. Huyu alifundisha Kiingereza mpaka nywele zikamwisha, na mpaka leo ukimwuliza bei ya mkungu wa ndizi anasafisha koo kwanza. Nikamwambia, mwalimu, hili neno maana yake nini, watu wananirushia kila siku nami naitikia haya, haya, huenda wananitukana.

Akasafisha koo. "Mama, hicho ni kitenzi. Kwa asili ni kukosa. Ukilenga ndege ukamkosa, umemisi. Gari likikuacha, umelimisi. Sasa, kwa upande wa binadamu, mtu akiwa hayupo, wewe moyoni unaona pengo. Ndiyo kummisi."

Nikamfunulia mdomo. Nikamwambia, pengo hili hapa, la mbele, lina miaka, na sijapiga simu kulisumbua jino.

Akacheka mpaka miwani ikamwanguka. Lakini nilimwuliza swali la kweli na hakunijibu. Nilimwuliza, mtu akishakwambia kakumisi, wewe unatakiwa ufanye nini? Maana sisi maneno yetu yana mkono ndani. Mtu akikwambia "umepotea!" anakulaumu, unajitetea, unakuja kesho yake. Akikwambia "nina hamu na wewe," basi hamu ni kama njaa, haikai, lazima mtu atembee. Hili kumisi halikulaumu, halikuombi, halinyanyuki. Limekaa tu kitini na soksi zake.

Marehemu mume wangu hakuwahi kuniambia neno la namna hiyo, kwa lugha yoyote. Nyumba yetu ni ya mwisho kwenye njia. Juu yake ni migomba, halafu msitu, basi, hakuna mtu wala duka. Yeye alikuwa kijana wa ng'ambo ya mto, akatokea jioni amesimama uani kwa mama. "Nilikuwa napita tu." Unapita kwenda wapi, kwa kima? Kijana akasema, "Naomba moto wa sigara." Mama akampa kijinga cha moto, na kijana anainama kuwasha huku kiberiti kinalia mfukoni, chaka chaka chaka. Wiki nyingine tena alikuwa anapita tu. Mara anatafuta mbuzi, na kwao mbuzi hawajafuga. Mama akaniambia, "Huyo mpitaji mpe kiti, ataniharibia nyasi kwa kusimama."

Sasa turudi kwa mume wetu.

Namwita mume wetu kwa sababu mjukuu wangu ni mke mwenzangu. Ndiyo utani wa bibi na mjukuu, nimemwita hivyo tangu ananyonya, na yeyote atakayemtaka lazima ajue kaoa wawili. Huyu kijana walijuana mjini alipokuwa anajifunza ushonaji. Ni mtu wa bara huko mbali, kaletwa Morogoro na kazi ya ofisi, kapanga chumba Mwembesongo. Kijana msafi, hanywi, kiatu kimechongoka mbele kama mdomo wa kunguru. Na mjukuu wangu alimpenda, msije mkasema hakumpenda. Aliporudi huku juu alikuwa anashona huku anaangalia simu, akanishonea gauni mikono yote ya kushoto.

Simu ikilia, kijana huyo. Nina sauti yake mpaka leo, sikilizeni. Polepole, kama mtu anayeonja chai asiungue. "Haloo... bebi. Yaani... akchuali... nimekumisi."

"Na mimi nimekumisi."

"Sana yaani."

"Mimi pia."

Kimya. Kimya kirefu, mpaka salio linalia. "Haya, bebi. Akchuali... usiku mwema." Na jua bado liko juu ya migomba!

Namuuliza mke mwenzangu, kasema nini mume wetu? "Kanimisi." Jana je? "Kanimisi." Basi mwambie aje, kutoka Mwembesongo mpaka hapa ni bodaboda na mguu kidogo. "Bibi, ana kazi." Jumapili ana kazi gani? "Anapumzika." Kajichokea na kumisi.

Siku moja binti kaenda kuoga, simu ikalia juu ya cherehani. Nikapokea. Na sauti ya mjukuu wangu ninayo, ile ya kuburuza mkia. "Haloooo."

"Bebi. Nimekumisi."

"Haya."

Nikategesha sikio. Huko kwake nasikia mfuniko wa sufuria unacheza, ngege ngege ngege.

"Unapika nini?" nikamwuliza.

"Wali."

"Unaungua."

"Ah! Kweli!" Nasikia kiti kimeanguka, sufuria imegonga chini, kijana anajipuliza vidole. Akarudi anahema. "Umejuaje?"

"Nimeusikia unanung'unika."

Akacheka. Weee, kumbe ana kicheko! Kicheko kinene, cha kutoka tumboni, sijui alikuwa anakificha wapi. Nikamwuliza, "Na ukinimisi hivyo, huwa unafanyaje?"

"Nakupigia."

"Usiponipata?"

"Natuma meseji."

"Unaandika nini?"

"Kwamba... nimekumisi."

Nikaona huyu mtu yuko peke yake kabisa. Chumba cha kupanga, sufuria moja, mji si wake, watu wanampita wanasalimiana kikwao. Neno lile halikuwa la uongo. Nililisikia ndani lina maji mengi, ila mfuniko kaukandamiza kwa mikono miwili. Nikawa nataka kumwambia funua baba, mvuke utoke, lakini mke mwenzangu akatokea na kanga kifuani na povu sikioni.

"Bibi! Unaongea na nani?"

"Na mume wetu."

Akaninyang'anya simu, akamwambia atapiga baadaye, akakata. Halafu, badala ya kunigombeza, akakaa. "Kasema nini?"

Ningemwambia kanimisi, si ingekuwa yale yale? Nikajipanga. Nikashusha sauti, nikaonja chai yangu ya kijana, nikasema kwa mdomo wake: "Bebi. Yaani... jana nimepika wali, nikapakua sahani mbili. Nimekaa nimeiangalia ile ya pili mpaka imepoa. Nikaificha chini ya kitanda, mwenye nyumba asije akaniuliza nina mgeni gani."

Binti akanisogelea. "Kasema hivyo?"

"Anasema hivyo, ila hajui."

"Muongo wewe." Akajifuta povu. "Endelea."

Basi pale ndipo mchezo ulipoanzia. Kila tukimaliza kula, mke mwenzangu anakunja miguu mkekani, "Bibi, mlete mume wetu." Namleta. Mume wetu anaona gauni la bluu limetundikwa dirishani kwa fundi, anadhani ni bebi wake, anasalimia gauni. Mume wetu kanunua papai, kafika nalo nyumbani, kakumbuka nani anayelipenda, kampa jirani kwa hasira. Mume wetu ofisini kaambiwa agonge mhuri, kagonga mkono wake mwenyewe, maana mawazo yako Bigwa. Vyote vyangu hivyo. Na alikuwa anajua ni vyangu, kila nikimaliza ananiambia muongo wewe, lakini anacheka mpaka anashika ukuta, na pengine hacheki, anachora chora kwenye mkeka kwa kidole.

Halafu simu inalia, mwenyewe wa kweli. "Bebi... nimekumisi." Na mimi namwona binti uso unavyorudi chini taratibu, kama unga ulioumuka halafu mtu kafungua dirisha.

Alijaribu kumsaidia, nisimsingizie mtoto. Nilimsikia kwa masikio haya anamwuliza, "Lakini unamisi nini kwangu? Kitu kimoja tu, hata kidogo." Kijana akafikiri. Nilisikia anavyofikiri mpaka mimi nikatoka jasho. Akasema, "Yaani, kila kitu." Jamani! Kila kitu ndiyo nini? Hata mwizi huwa anachagua.

Katikati ya mambo hayo kijana akaleta posa, na mshenga wake, nani kama si jirani yangu mwalimu mstaafu. Kwetu binti ni wa upande wa mama, kwa hiyo mwenye neno ni mjomba, na mjomba wake ni mwanangu mimi, anayelima nyanya Mlali. Akaja mapema na tenga lake begani, ana furaha kama yeye ndiye anayeolewa. Huyu mwanangu akiongea ni kama anamwita mtu aliye ng'ambo ya bonde. "MAMA! Mtu ana kazi! Hanywi! Ana kiwanja! Tunataka nini kingine?" Halafu akanigeukia na kidole. "Na wewe, mama, nakuomba, leo mdomo funga. Usimwige mgeni. Usimwige mwalimu. Usiniige mimi."

Nikamwambia, kwa sauti yake, "SAWA MWANANGU!" Akanitazama. Nikafunga.

Wakafika. Kijana kapanda kwa miguu kutoka barabara inapoishia, viatu vyake vya kunguru vimekuwa vya bata, udongo mwekundu mpaka kwenye kifundo. Kaleta sukari, kaleta nyama, kaleta na kitenge changu, rangi nzuri. Shikamoo bibi, kainama vizuri kabisa. Nikatamani kumpenda, na nikampenda.

Mwalimu akasafisha koo, akaeleza kuwa wamepita bustanini wakaona ua, kama vile hatujui ua linashona sketi za wanafunzi chumba cha pili. Mjomba mtu akapiga paja, akasema ya nini mzunguko, kijana aseme mwenyewe. "EBU TUAMBIE, BABA! Umeona nini kwa binti yetu?"

Kijana akaweka kikombe chini. "Yaani... akchuali... mimi nikiwa kazini huwa nammisi sana."

"Unammisi!"

"Sana."

"Ukimmisi unafanyaje?"

Mimi nilishika mdomo kwa kanga. Moyoni nasema, sema sahani, baba. Sema wali umeungua, ule ni wako, ulitokea kweli, useme! Kila mtu angecheka, na yeye angecheka kile kicheko chake, na binti angekisikia kule ndani.

"Napiga simu," akasema.

"VIZURI!" mwanangu akasema. "Mawasiliano!"

Sasa kwetu, ikifika hapo, bibi ndiye anayekwenda chumbani kumwuliza binti. Binti akinyamaza, amekubali. Bibi anatoka, anasema kanyamaza, watu wanapiga vigelegele, chakula kinaletwa. Mimi mwenyewe nilinyamaza hivyo, mama yangu alinyamaza hivyo, na mama yake huyu binti alinyamaza japo kwa kumfinya. Nikaingia. Nikamkuta kakaa juu ya kitanda kavaa vizuri, hina miguuni, mikono mapajani. Macho makavu. Nikamwuliza kama inavyoulizwa. Nikasubiri anyamaze.

Akasema, "Sijui."

"Usiseme sijui, mke mwenzangu. Nyamaza au kataa."

"Sijui, bibi."

Nikatoka. Mwanangu kashanyanyuka nusu, mikono tayari kwa kupeana. "Kanyamaza?"

Nikatikisa kichwa. Hajanyamaza.

"Kakataa?"

Nikatikisa tena.

"Kasemaje sasa?"

"Kasema hajui."

Mwalimu akavua miwani. "Hiyo... kwa utaratibu, hiyo haimo."

Mwanangu akaona nyama inaharibika na mgeni anatoka jasho, akapasua sauti, "WEWE! Njoo hapa hapa useme mwenyewe!" Kitu ambacho hakifanyiki. Lakini akatoka. Akasimama mlangoni, gauni lake la kushona mwenyewe, nyuzi bado zimening'inia pindoni.

Kijana akasimama. Hawakuwa wameonana tangu binti kupanda na cherehani. Na mimi namtazama, naona macho yake yamejaa, mikono haijui iende wapi. Kila kitu kilikuwepo pale usoni, yote niliyokuwa nayatunga mkekani yalikuwepo, na mengine hata mimi sikuwa nimeyawaza. Kijana akafungua mdomo.

"Nimekumisi," akasema.

Tukangoja. Mwalimu akamwinamia kidogo, kama anavyomwinamia mwanafunzi anayekaribia kupata jibu. Kuku mmoja akapita katikati yetu bila haraka. Kijana akatabasamu, akakaa.

"Haya, mwanangu," mjomba mtu akasema, na kwa mara ya kwanza maishani nikamsikia anaongea taratibu. "Umemwona, umemsikia. Unamtaka, humtaki?"

Binti akamtazama kijana, akamtazama kwa huruma kabisa. Halafu akanitazama mimi na kanga yangu mdomoni.

"Mjomba," akasema, "bibi akimwiga, namtaka. Akiongea mwenyewe, simtaki."